Uso na Injini: Ukweli wa Programu Ukae Wapi?

Mnamo tarehe 21 Machi, 1986, katika kituo kimoja cha matibabu ya kansa mjini Tyler, jimbo la Texas, Marekani, mwendesha mashine aliyeizoea kazi yake alikuwa akitayarisha tiba ya mgonjwa mmoja. Mgonjwa alikwisha kulazwa mezani katika chumba chenye kuta nene. Mwendesha mashine alikuwa chumba cha pili, mbele ya skrini na kibodi. Mashine yenyewe iliitwa Therac-25, nayo iliweza kutoa mionzi ya namna mbili: elektroni kwa uvimbe ulio karibu na ngozi, na eksirei kwa uvimbe ulio ndani zaidi. Mgonjwa huyu aliandikiwa elektroni, kiasi cha rad 180. Mwendesha mashine akaandika herufi x, yaani eksirei, kwa kuwa wagonjwa wengi walitibiwa hivyo na vidole vyake vilikwisha kuzoea. Mara akaliona kosa lake. Akakipandisha kishale hadi mstari ule, akaandika e mahali pa x, kisha akabonyeza kitufe cha kuingiza mara kadhaa upesi upesi, maana maagizo mengine yote yalikuwa sahihi.

Skrini ikaonyesha e. Chini yake pakatokea maneno ya kusema kwamba maagizo yamehakikiwa na kwamba mwali u tayari. Akabonyeza kitufe cha kuanza. Mashine ikajizima papo hapo, ikaandika "Malfunction 54", yaani hitilafu ya 54, jambo ambalo kitabu cha maelekezo hakikulieleza. Skrini ilionyesha pia kwamba mgonjwa amepata dozi ndogo mno kuliko aliyoandikiwa. Basi akabonyeza kitufe cha kuendelea. Siku ile kamera ya chumba cha tiba ilikuwa imechomolewa, na chombo cha kusikilizia sauti ya mgonjwa kilikuwa kibovu.

Ilikadiriwa baadaye kwamba mgonjwa yule alipokea kati ya rad 16,500 na rad 25,000 kwa muda usiofika sekunde moja, mahali penye upana wa sentimita moja hivi. Alifariki miezi mitano baadaye. Tarehe 11 Aprili, katika kituo kile kile, jambo hilo likatokea tena, na mgonjwa wa pili akafariki tarehe 1 Mei. Mwanafizikia wa kituo, Fritz Hager, akaketi na mwendesha mashine, wakayarudia maandishi yale mara nyingi mpaka wakaweza kuileta hitilafu ya 54 kila walipotaka. Siri yake ilikuwa mwendo wa vidole. Aliyesahihisha polepole hakupata hitilafu. Aliyesahihisha upesi aliipata.

Nini kilichotokea ndani

Mashine ilihitaji sekunde 8 hivi kuziweka sumaku zake mahali pake baada ya kupokea maagizo. Programu ilikusudiwa kuangalia, katika muda huo, kama mwendesha mashine amebadili lolote. Lakini kwa kosa la mwandishi wa programu, iliangalia wakati wa kuweka sumaku ya kwanza tu. Mabadiliko yaliyofanywa baada ya hapo na kumalizika kabla ya sekunde 8 hayakuonekana. Tena maagizo yalihifadhiwa katika baiti mbili zilizosomwa na sehemu mbili mbalimbali za programu. Sehemu moja ilisoma baiti yake na kuupanga mwali uwe na nguvu ya eksirei. Sehemu nyingine ilisoma baiti yake baada ya sahihisho, ikaigeuza meza ya vifaa kuwa mahali pa elektroni. Ili kupata eksirei, mkondo wa elektroni lazima uwe mkubwa mara mia moja hivi, kisha upige kipande cha metali na kupita katika kichujio. Siku ile mkondo mkubwa ulitoka, na mbele yake hapakuwa na metali wala kichujio.

Tazama basi: palikuwa na kauli tatu ndani ya mashine moja. Skrini ilisema elektroni. Meza ilisema elektroni. Mwali ulisema eksirei. Na neno "yamehakikiwa" lilitokea chini ya skrini kana kwamba mambo yote yanapatana.

Therac-25 iliandikwa kwa lugha ya asembli, ya kuamrisha hatua kwa hatua, kwa kompyuta ya PDP-11. Njia tutakazozieleza hapa zilikuja kuenea baadaye. Tumeanza na habari hiyo kwa sababu inaonyesha, kwa gharama ambayo hapana mtu angependa ilipwe, swali ambalo kila mwandishi wa programu hukutana nalo anapoiunganisha sehemu inayoonekana na sehemu inayofanya kazi. Sehemu ya kwanza tutaiita uso wa programu: maandishi, vitufe, rangi na namba ambazo mtumiaji huziona na kuzigusa. Ya pili tutaiita injini: mahali hesabu zinapofanyika, vyombo vinapoendeshwa na kumbukumbu zinapotunzwa. Swali ni hili: kitu kimoja kinapojulikana pande zote mbili, upande upi ndio wenye ukweli?

Kuamuru na kueleza

Chukua mfano wa mashine ya kutotolea vifaranga, ambayo joto lake huwekwa karibu na nyuzi 37.5 za Selsiasi. Tunataka skrini ndogo ionyeshe joto hilo, na namba iwe nyekundu joto likipita nyuzi 38. Mwandishi anayetumia lugha ya amri ataandika hivi:

Soma kipimajoto.
Futa namba ya zamani.
Andika namba mpya.
Ikiwa namba imezidi 38, badili rangi iwe nyekundu.

Msomaji makini amekwisha kuona kasoro. Joto likipanda rangi itakuwa nyekundu; likishuka, je? Hakuna aliyeamuru rangi irudi kuwa nyeusi. Mfugaji ataona nyekundu mchana kutwa, atazima mashine, na mayai yatapoa. Kosa hili si la ujinga. Ndiyo tabia ya maagizo ya hatua kwa hatua: kila badiliko linadai amri yake, na kila amri inadai amri ya kuitengua. Uso wenye vitu 10 vinavyotegemeana hudai amri nyingi kuliko akili ya mtu mmoja inavyoweza kukumbuka.

Mwandishi anayetumia lugha elezi hasemi kitu gani kifanyike kwanza na kipi kifuate. Yeye hueleza jinsi mambo yanavyotakiwa kuwa wakati wote:

Namba: ni joto la mashine.
Rangi: nyekundu ikiwa joto limezidi 38, vinginevyo nyeusi.

Mistari miwili tu, wala hapana neno "badili" hata moja. Kazi ya kufuta, kuandika na kupaka rangi imeachiwa kompyuta. Joto likipanda au likishuka, kompyuta huitazama kauli ile na kuifanya iwe kweli tena. Uhusiano huo kati ya kitu cha usoni na thamani iliyo ndani tutauita fungo.

Wazo hili si geni kwa yeyote aliyewahi kutumia lahajedwali. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa programu ya VisiCalc kwa kompyuta ya Apple II. Mhasibu aliandika katika kisanduku kimoja kwamba thamani yake ni jumla ya visanduku vilivyo juu yake, basi. Alipobadili namba moja juu, jumla ilijibadili. Hakuna aliyemwambia mhasibu yule kwamba anaandika programu, wala kwamba anaiandika kwa lugha elezi. Mwalimu wa hisabati anayetaka kulifundisha somo hili hahitaji kutafuta mfano ulio mbali zaidi ya huo.

Lugha isiyokumbuka majina

Mtu anaweza kuuliza: kama lugha elezi ni nzuri hivyo, kwa nini programu nzima isiandikwe kwayo? Jibu ni kwamba injini ina mahitaji mengine. Lazima isome kipimajoto mara nyingi kwa sekunde, igawe kumbukumbu bila kupoteza, izungumze na vyombo kwa lugha ya biti. Kwa kazi hizo waandishi wengi hutumia lugha zinazopitishwa katika kompaila, yaani programu inayochukua maandishi yote ya mwandishi na kuyageuza kuwa amri za mashine kabla ya siku ya kutumika. C++ ni mojawapo. Bjarne Stroustrup alianza kuitunga mwaka 1979 katika maabara za Bell nchini Marekani, ikapata jina lake mwaka 1983.

Hapo ndipo ugumu wa kuunganisha unapoanza, na inafaa tukae nao kidogo. Mwandishi wa C++ huandika "joto" katika maandishi yake. Kompaila hulisoma jina hilo, hulipa mahali katika kumbukumbu, tuseme baiti ya 24 tangu mwanzo wa kitu kile, kisha hulitupa. Programu iliyokamilika haijui neno "joto". Inajua baiti ya 24. Ni kama fundi aliyejenga nyumba kwa ramani, akaichoma ramani alipomaliza: nyumba imesimama imara, lakini mgeni akiuliza chumba kiitwacho "stoo" hapati wa kumjibu. Kwa upande wa pili, maandishi ya lugha elezi husomwa kwa kawaida wakati programu inapotumika, nayo hudai kitu kwa jina: nipe joto la mashine. Mmoja anaita majina, na mwenziwe amekwisha kuyasahau yote.

Kwa hiyo hapana budi pawe na daftari la majina katikati. Jinsi daftari hilo lilivyopatikana ni habari yenye kuvutia, na kwa bahati nayo ilianzia kwenye vyombo vya hospitali. Mwaka 1990 Wanorwe wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, walikuwa wakiandika kwa C++ programu ya kuhifadhi picha za ultrasaundi, ambayo ilipaswa kutumika katika kompyuta za aina tatu zilizotofautiana sana. Hawakupata chombo cha kuwasaidia kuujenga uso wake, wakaamua kukitengeneza wenyewe. Mwaka 1992 Chambe-Eng alibuni njia iliyoitwa ishara na vipokezi. Kampuni yao ikaandikishwa mwaka 1994, na mwezi Mei 1995 chombo chao, Qt, kikatolewa hadharani.

Ishara ni kama kengele ya shule. Mpiga kengele hana haja ya kujua kidato cha kwanza wako wapi, wala kama mwalimu wa zamu yuko ofisini. Yeye hupiga tu, na kila anayehusika husikia na kufanya lililo lake. Hivyo injini haihitaji kujua kama uso wake una namba moja au mishale kumi. Hupiga kengele kwamba joto limebadilika, na kazi yake imekwisha.

Ama daftari la majina, Qt ilililetea msaidizi wa pekee. Kabla ya kompaila ya C++ kuanza kazi, programu nyingine ndogo hupita katika maandishi ya mwandishi, hukusanya majina aliyoyatia alama, na kuandika ukurasa mwingine wa C++ wenye jedwali la majina hayo. Kompaila huujumuisha ukurasa huo pamoja na mengine. Hivyo ramani ya nyumba haichomwi tena. Hubandikwa nyuma ya mlango. Wako waliolidharau jambo hili, wakisema kwamba kuongeza msaidizi mbele ya kompaila ni kukiri kwamba lugha haitoshi. Mimi naona walikuwa wakisema kweli, na kwamba kukiri huko kulikuwa ndiyo hekima yenyewe.

Mwezi Septemba 2010, katika toleo la Qt 4.7, ikaongezwa lugha elezi kwa ajili ya uso, iitwayo QML. Tangu hapo njia iliyo kawaida ni injini ya C++ chini, uso wa QML juu, na jedwali la majina katikati. Leo hii mpangilio huo umo katika dashibodi za magari na katika vyombo vya hospitali. Matoleo ya Qt 6, yaliyoanza Desemba 2020, yaweza hata kuifasiri mapema sehemu ya lugha elezi iwe amri za mashine, lakini mgawanyo wa kazi umebaki ule ule.

Mambo matatu ya kila sifa

Kitu cha injini kinachotakiwa kuonekana usoni huitwa sifa. Joto ni sifa. Mwandishi anapoitia sifa alama, hutaja mambo matatu: namna ya kuisoma, namna ya kuiandika, na ishara itakayopigwa inapobadilika. Wanafunzi wengi hukumbuka la kwanza na la pili. Ni la tatu linalosahauliwa, na hilo ndilo lenye uzito.

Ishara isipokuwapo, uso husoma joto mara moja, wakati skrini inapochorwa, kisha hubaki na namba hiyo. Mashine yaweza kufika nyuzi 42. Skrini itaendelea kusema 37.5 kwa utulivu kabisa. Hakuna hitilafu itakayoandikwa mbele ya mfugaji. Mtengenezaji wa QML hupewa onyo katika maandishi ya majaribio kwamba fungo lake linategemea sifa isiyo na ishara, na aghalabu onyo hilo hupita kati ya mengine mia bila kusomwa. Kwa maoni yangu hili ni kosa baya kuliko programu kuzimika. Skrini iliyozimika humfanya mtu aende akakitazame kipimajoto chenyewe. Skrini inayosema uongo humfanya abaki kitini.

Ishara nayo ina adabu yake: ipigwe tu thamani inapobadilika kweli. Tuseme uso una kitelezi cha kupangia joto, na kitelezi kimefungwa na sifa ya injini. Mtumiaji anakisogeza, uso unaiandikia injini, injini inapiga ishara, uso unakiweka kitelezi mahali pake, injini inaandikiwa tena, inapiga ishara tena, na kadhalika pasipo mwisho. Dawa yake ni mstari mmoja ndani ya injini: ikiwa thamani mpya ni sawa na ya zamani, rudi bila kufanya kitu.

Kuna hatari ya tatu iliyojificha zaidi. QML humruhusu mwandishi kuchanganya maelezo na amri. Anaweza kueleza kwamba namba ni joto la mashine, kisha mahali pengine, kitufe kinapobonyezwa, akaamuru: namba iwe 0. Amri hiyo haiandiki 0 juu ya fungo. Hulivunja fungo lenyewe. Tangu dakika hiyo namba haina uhusiano na joto, mpaka fungo lifungwe upya. Kompyuta haikukosea, maana imetii amri ya mwisho. Lakini mwandishi aliyedhani kwamba amesafisha skrini kwa muda amekwisha kukata uzi, na ukweli umekuwa na makao mawili. Tumekwisha kuona huko Tyler makao mawili huzaa nini.

Kwa hiyo kanuni ninayoishauri ni kwamba uso usiwe na mali yake. Namba yoyote yenye maana nje ya skrini ikae kwenye injini, mahali pamoja, na uso uieleze tu. Mtumiaji akitaka kuibadili, uso upeleke ombi. Injini ndiyo ikubali au ikatae, kisha ipige ishara. Na pale ambapo injini nayo inaendesha chombo chenye kutembea, sumaku, pampu au mlango, kuwe na sifa mbili zenye majina mbalimbali: agizo na hali. Agizo ni lile mtumiaji alilolitaka. Hali ni ile iliyosomwa kutoka chombo chenyewe baada ya kutembea. Skrini ionyeshe zote mbili, na kitufe cha kuanza kielezwe hivi: kinabonyezeka ikiwa tu agizo na hali ni sawa. Hata hivyo injini nayo lazima ipime usawa huo yenyewe, sekunde ile ile ya kuanza, bila kuuamini uso. Mashine iliyotangulia Therac-25 ilikuwa na vizuizi vya umeme visivyotegemea programu. Katika Therac-25 vingi kati ya hivyo viliondolewa, kazi ikaachiwa programu peke yake. Fungo la lugha elezi, hata lingekuwa zuri namna gani, si badala ya kizuizi cha umeme.

Namba hazilingani pande zote

Mwalimu wa hisabati atapenda hatari hii ya mwisho. Injini ya C++ yaweza kuhifadhi namba nzima kwa biti 64, hadi 9,223,372,036,854,775,807. Uso wa QML hufanya hesabu zake kwa kanuni za JavaScript, ambako namba ya kawaida ni desimali ya biti 64. Katika biti hizo, tarakimu zenyewe zina nafasi ya biti 52 tu, pamoja na moja isiyoandikwa, jumla usahihi wa biti 53. Zilizobaki ni za kipeo na alama. Basi namba nzima zote huwakilishwa kwa usahihi mpaka 2 kwa kipeo cha 53, ambayo ni 9,007,199,254,740,992. Ongeza 1, nawe utapata namba ambayo upande wa pili hauna nafasi ya kuiandika. Huikaribisha kwenye jirani yake, na inarudi ileile ya mwanzo. Ikiwa tarakimu hizo zilikuwa namba ya jalada la mgonjwa, uso umeomba jalada la mtu mwingine, na injini italitoa bila kusita. Tiba ni nyepesi: namba za utambulisho zipelekwe usoni kama maandishi, kwa kuwa hakuna mtu anayezijumlisha.

Msomaji asidhani kwamba upana wa namba ni jambo la vitabuni. Tarehe 17 Januari, 1987, katika hospitali ya Yakima, jimbo la Washington, Therac-25 nyingine ilimwumiza mgonjwa ambaye alifariki mwezi Aprili mwaka huo. Safari hii kosa lilikuwa katika kihesabu cha baiti moja. Kilitumiwa kama alama: kikiwa 0, hakuna haja ya kuipima meza ya vifaa, kikiwa namba nyingine yoyote, ipimwe. Programu ilikiongezea 1 kila ilipozunguka. Lakini baiti moja haipiti 255. Kwa hiyo kila mzunguko wa 256 kihesabu kilirudi 0, na kwa nukta hiyo fupi programu iliamini kwamba hapana la kupima. Mwendesha mashine alibonyeza kitufe wakati huo huo. Marekebisho yalikuwa kukiwekea kihesabu thamani moja isiyo 0 badala ya kukiongeza.

Wakati nao una upana wake. Uso unaochorwa mara 60 kwa sekunde una milisekunde 16.7 hivi kwa kila mchoro. Injini ikifanya hesabu ndefu katika njia ile ile ya kazi, skrini huganda. Kwa hiyo kazi nzito hupelekwa kwenye njia nyingine ya kompyuta, na ishara kati ya njia mbili husubiri foleni kama barua. Barua ikifika, thamani iliyoandikwa ndani yake yaweza kuwa imekwisha kupitwa. Kwa joto la vifaranga haidhuru. Kwa mwali wa mionzi, ni lazima kila thamani ije na saa yake.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na kompyuta yaweza kuliona jambo hili kwa daftari moja, ubao na wanafunzi watatu. Wa kwanza ni injini: ana daftari lenye namba moja, naye haruhusiwi kuugeukia ubao. Wa pili ni uso: amesimama ubaoni, ambapo pameandikwa kanuni mbili, "Namba ni ile iliyo daftarini" na "Piga mstari chini yake ikiwa imezidi 38". Wa tatu ni mtumiaji: humpelekea injini vikaratasi vya kuomba namba ibadilishwe. Injini inapobadili namba hupiga kofi moja. Uso husikia, husoma daftari na kurekebisha ubao mpaka kanuni zote mbili ziwe kweli. Wanafunzi waliobaki waandike kila mara ubao unapotofautiana na daftari, na kwa sekunde ngapi.

Baada ya dakika tano mwalimu amnong'oneze injini aache kupiga kofi mara moja katika kila mara nne. Katika zamu ya tatu, mtumiaji aruhusiwe kufuta kanuni moja ubaoni na kuandika namba kwa mkono wake. Katika zamu ya nne, injini ihesabu polepole hadi 8 kabla ya kukifungua kikaratasi chochote, na mtumiaji apeleke kikaratasi cha pili cha kusahihisha cha kwanza kabla hesabu haijafika 8. Darasa liamue lenyewe, kabla ya kuanza zamu hiyo, injini itakifanyia nini kikaratasi cha pili.